Namba Iliyogoma Kucheza: Maisha ya Sir Cyril Burt

Ukiwa na sampuli ya jozi 21 ukaipandisha hadi 53, majibu lazima yacheze kidogo. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayepambana na takwimu analijua hilo. Majibu ya Cyril Burt hayakucheza.

Burt alizaliwa London mwaka 1883, akasoma Oxford. Mwaka 1913 halmashauri ya London ilimwajiri kuwa mwanasaikolojia wake, kazi ambayo hakuna mwingine Uingereza aliyewahi kupewa. Alipima watoto shuleni, akaandika kitabu kuhusu vijana wahalifu, akawa profesa University College London. Mwaka 1946 akapewa cheo cha Sir. Jamaa hakuwa mbabaishaji, tuelewane.

Aliamini akili hurithiwa zaidi kuliko kujengwa na malezi, na imani hiyo ilikuwa na uzito: Uingereza ya wakati huo mtoto wa miaka 11 alifanya mtihani, na matokeo yakaamua aende shule ya aina gani. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa mapacha wa kufanana waliotenganishwa wakiwa wadogo. Mwaka 1955 alikuwa na jozi 21. Uwiano wa akili zao ukawa 0.771. Mwaka 1958 jozi zilizidi 30, 0.771. Mwaka 1966 zilifika 53, 0.771 tena. Kwa mapacha waliolelewa pamoja alipata 0.944, mara zote tatu.

Majarida yalichapa tu. Na nani angemuuliza? Burt mwenyewe alikuwa mhariri. Kwa zaidi ya miaka kumi alisimamia jarida la saikolojia ya takwimu la British Psychological Society, na humo zikatoka makala za J. Conway, aliyetajwa kuwa msaidizi wake, zikiunga mkono kazi ya bosi. Ni kama mtu ajitungie mtihani, ajisimamie, ajisahihishie.

Alifariki mwaka 1971 akiwa na miaka 88. Muda mfupi baadaye makaratasi yake mengi yakachomwa moto.

Mwaka 1974 Leon Kamin, mwanasaikolojia wa Marekani, aliweka zile namba pembeni kwa pembeni na kusema hazifai kutumika. Mwaka 1976 si jarida la kitaaluma bali gazeti, Sunday Times, lililotamka waziwazi neno udanganyifu, baada ya mwandishi wake Oliver Gillie kuwatafuta wasaidizi Conway na Howard asiwaone. (Baadaye wapo waliosema wanamkumbuka Bi Howard.) Leslie Hearnshaw, aliyeandika maisha yake kwa ombi la dada yake Burt na akiwa anamheshimu, alisoma shajara za marehemu; akahitimisha mwaka 1979 kwamba data zilipikwa. Chama kikakubali.

Kisha wakaja watetezi. Robert Joynson mwaka 1989 na Ronald Fletcher mwaka 1991 waliandika vitabu kudai kesi haikuthibitishwa, pengine mzee alinakili namba za zamani kwa uzembe. Kwangu mimi, uzembe wa kurudia desimali tatu mara tatu nao ulitosha kumfanya mhariri yeyote aombe data ghafi angali hai. Mwaka 1992 chama kilitangaza kwamba hakina tena msimamo rasmi juu ya Burt.