Grace Hopper: Mwanajeshi aliyetaka programu moja ikubali kompyuta zote

Zamani ukinunua kompyuta ya kampuni nyingine, jiandae: programu zako zote unaziandika upya. Hela inaondoka, miezi ya kazi nayo inaondoka.

Grace Hopper alipambana na tatizo hilo. Alizaliwa New York, Marekani, Desemba 9, 1906, akapata udaktari wa hisabati Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934, huku akifundisha chuo cha Vassar. Mwaka 1943, vita ikiwa imepamba moto, akajiunga na akiba ya jeshi la wanamaji. Akapelekwa Harvard kwenye kompyuta kubwa ya Mark I.

Mwaka 1952 akatengeneza A-0, moja ya kompaila za mwanzo kabisa. Baadaye timu yake ikaleta FLOW-MATIC, lugha iliyoandikwa kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza. Mwaka 1959 kamati ya wataalamu ilipoanza kuunda COBOL, ilichota mengi humo.

Desemba 1960 ukaja mtihani wenyewe. Programu ya COBOL, karibu ileile, iliendeshwa kwenye RCA 501 na UNIVAC II, mashine za kampuni mbili zinazoshindana. Ikakubali kote!

Lakini kampuni zikaanza kuongeza vionjo vyao, na COBOL ya huku ikawa haielewani na ya kule. Hopper alistaafu 1966, mwaka uliofuata jeshi likamwita tena aisimamie COBOL. Akiwa huko, timu yake ikaandika programu za kupima kila kompaila: inafuata kiwango au inajidai tu?

Wanaoandika skripti za sheli leo wanalijua hili. Skripti inakwenda vizuri kwenye Bash, ukiipeleka kwenye Dash inagoma, kumbe umetumia vitu vya Bash peke yake. Dawa ni ileile ya Hopper: shika kiwango cha pamoja, yaani POSIX, halafu ijaribu kwenye sheli zaidi ya moja kabla hujaiamini.

Hopper alistaafu moja kwa moja mwaka 1986 akiwa admirali, umri miaka 79. Alifariki Januari 1, 1992. COBOL bado iko kazini, na kuna benki zinazoitegemea hadi leo.