Kimweri ye Nyumbai, Mfalme wa Vuga

Kamati iliyotengeneza kitabu hiki cha kutimiza miaka kumi ya Chama chetu Kikuu iliniagiza mimi katibu niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa nchi yetu aliyefariki zamani. Nikamchagua Kimweri ye Nyumbai. Mzee mmoja wa kamati alinitazama kwa mshangao, akataka kujua mfalme ambaye hakupata kupeleka hata gunia moja kwenye mizani ana nini na wakulima wa ushirika. Swali lake lilikuwa la haki. Nilimwomba asome mpaka mwisho, kwa maana habari za Kimweri husimuliwa nusu mara nyingi: watu hueleza jinsi alivyoikusanya nchi, wakaacha jinsi ilivyotawanyika, na ni nani waliosimama kuitawanya.

Kimweri alikuwa mwana wa Kinyashi, wa ukoo wa Wakilindi. Asili yao ni Mbegha, yule mwindaji aliyetoka milima ya Nguu, upande ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa katika wilaya ya Handeni, na tangu mwaka 2002 ni wilaya ya Kilindi. Basi ndugu zetu wa Handeni wasidhani kwamba hadithi hii ni ya Washambaa peke yao. Mbegha alipanda milima hii na mbwa wake, akawaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vyao; hata mwisho wakampa na nchi. Wasimulizi wetu wote husema hivyo, kwamba nchi ilitolewa na wenyewe kwa mikono yao.

Kimweri alitawala tangu yapata mwaka 1815 hata mwaka 1862, muda ambao mtoto angeweza kuzaliwa, kuoa na kupata wajukuu asijue mfalme mwingine. Katika siku za nguvu zake neno lake lilisikiwa kutoka mipaka ya Upare hata karibu na pwani ya Tanga na Pangani. Kule pwani alishirikiana na Sultani wa Unguja kwa namna ya ajabu: mkubwa wa mji alitakiwa akubaliwe na pande zote mbili.

Nchi kubwa namna hiyo aliitawalaje, bila barabara wala barua? Alioa katika kila upande, na watoto waliozaliwa huko akawaweka kuwa wakubwa wa pande hizo, kila mmoja karibu na wajomba zake. Mwana alitawala kwa jina la baba, na baba aliweza kumwondoa mwana akikosa. Vuga kwenyewe washauri wake wakubwa hawakuwa Wakilindi. Walikuwa watu wa kawaida wa nchi, na hao ndio walioweza kumwambia mfalme yale ambayo watoto wake waliogopa kuyasema. Mimi naona hapo ndipo palipokuwa na akili kubwa ya utawala ule. Napo ndipo palipokuwa na ufa wake, kama tutakavyoona.

Watu walimtolea mfalme ng'ombe, mbuzi na nafaka, wakamlimia na kumjengea. Lakini hawakutoa bure. Siku ya kumtawaza mfalme, umati wa Vuga ulimpa haki ya kula nchi, na papo hapo ukamkumbusha kwamba akiwatendea vibaya wangemwondoa. Walitazamia kwake mvua hasa. Imani yao ilikuwa kwamba mfalme mmoja asiyepingwa huiponya nchi, mvua ikanyesha na migomba ikastawi. Ila wakubwa wawili wakishindana, nguvu kwa nguvu, nchi huharibika na jua hukausha kila kitu. (Nguvu ya mvua hiyo sasa tunaipima kwa njia nyingine. Maji ya milima hii huteremkia Luengera na Pangani, na tangu mwaka 1964 yanazungusha mitambo ya umeme pale Hale. Nyaya zilipita juu ya vijiji vingi ambavyo kwa miaka mingi viliendelea kupikia kuni na kuwashia koroboi. Wazee wa Vuga wangeuliza mara moja ni nani anayekula, na ni nani anayeponywa.)

Wageni kutoka Ulaya walifika Vuga katika uzee wake. Mmisionari Krapf alifika mwaka 1848, akarudi mwaka 1852, akashangaa kuona nchi yenye utii na amani kiasi kile. Mwaka 1857 walikuja Burton na Speke, wakipitia bonde la Pangani na kupanda mlima. Walimkuta mzee dhaifu, mgonjwa, aliyetumaini kwamba mgeni mweupe angekuwa na dawa ya kumrudishia ujana. Burton aliandika habari hiyo kwa dhihaka. Mimi sioni cha kuchekesha. Mzee yule alijua kwamba nchi yote ilikuwa imefungwa kwa kamba moja, na kamba yenyewe ni uhai wake.

Sharti niseme na mabaya, maana kitabu cha wanachama si kitabu cha sifa tupu. Mtu aliyehukumiwa kwa kosa kubwa aliweza kuuzwa utumwani pamoja na jamaa zake, na mali hiyo ilikuwa ya mfalme. Tena Kimweri hakuishika biashara ya bunduki. Wazigua wa nyika waliokaa karibu na njia za pwani walipata bunduki mapema, wakamnyang'anya sehemu za chini. Yeye akabaki milimani na heshima yake ya kale. Mwanawe Semboja aliona mambo yalivyogeuka. Alishuka akajenga Mazinde, chini ya mlima, kwenye njia ya misafara, akauza pembe na watu, akanunua baruti.

Kimweri alikufa mwaka 1862. Desturi ya Vuga ilikuwa kukificha kifo cha mfalme mpaka mwingine atawazwe, na aliyetawazwa ni mjukuu wake, Shekulwavu, kijana bado. Sasa tazameni. Wale wakubwa wa pande zote, waliokuwa wana mbele ya Kimweri, mbele ya kijana huyu walikuwa baba zake wadogo na wakubwa. Mtoto atamwondoaje baba yake mdogo? Kamba ilikatika kimya kimya. Semboja akamshambulia, akaichoma Vuga, akamweka huko mwanawe mwenyewe, aliyeitwa Kimweri Maguvu. Shekulwavu alikimbilia upande wa Bonde, akafungamana na Wabondei. Walikubali kumsaidia, na sharti lao lilikuwa moja: wasitawaliwe tena na wakubwa wa Kikilindi.

Shekulwavu alikufa kabla ya kurudi Vuga, lakini Wabondei hawakusahau sharti lile. Kwa muda mrefu walikuwa wameona watoto wao wakichukuliwa kwa hila ya hukumu na kuuzwa pwani, na hapakuwa na mtu juu ya mkubwa wao wa kumpelekea mashtaka, maana Vuga ilikuwa majivu na wakubwa walikuwa wakipigana wao kwa wao. Basi wakainuka. Mambo hayo huitwa Kiva, nayo yalitokea karibu na mwaka 1870. Hawakuongozwa na mfalme wala na mwana wa mfalme. Walikuwa wakulima wa vijiji waliopelekeana habari. Waliwaua Wakilindi wengi, waliobaki wakakimbia. Abdallah bin Hemedi, aliyekuwa katika nchi hii siku hizo, ameyasimulia katika kitabu chake cha Habari za Wakilindi, na anayetaka kuyajua kwa urefu akisome.

Wajerumani walipoingia miaka ya 1880, Bonde lilikuwa limekaa miaka kama kumi na mitano bila mkubwa wa Vuga, kila kijiji na wazee wake. Walijitawala, ila walilipa sana. Vita haviku­koma upesi, na wauza watu walipata nafasi pande zote, za walioasi na za walioasiwa.

Mzee wa kamati amekwisha kusoma, naye ameniambia niendelee nimalize, kwa maana anajua ninakokwenda. Miaka miwili iliyopita chama cha msingi kimoja kilitaka kujitoa katika Chama Kikuu. Malalamiko yao hayakuwa juu ya bei. Walisema fedha zao zinakatwa, na mtu anayezisimamia kule kwao aliwekwa na ofisi kuu, nao hawana njia ya kumwondoa. Wengine tukawaita wavunja umoja. Nakiri kwamba na mimi nililitumia neno hilo, na nililiandika katika taarifa.

Baada ya hapo mkutano mkuu ulikaa siku mbili juu ya kifungu kimoja cha masharti, kwamba msimamizi wa kila chama cha msingi achaguliwe na wanachama wa hapo, na wao wenyewe waweze kumwondoa bila kungoja ofisi. Jina la Shekulwavu lilitajwa katika mabishano yale, na upande wa Kimweri pia ulikuwa na watetezi wake, watu wenye busara, walioogopa kwamba kila mahali pakijichagulia, mizigo haitakusanyika tena kwenye ghala moja. Kifungu kilipita kwa kura chache. Wenzetu wale wamesomewa masharti mapya, wameyasikiliza, wakasema watapiga kura ya kukaa au kuondoka baada ya mavuno ya maharage.