Sam Houston na lugha ya Wacherokee

Sisi wanafunzi wa lugha hupenda kusema kwamba anayejifunza lugha ya watu hupata urafiki wao. Maisha ya Sam Houston, askari na mwanasiasa wa Marekani, yanathibitisha jambo hilo, na pia yanaonyesha mpaka wake.

Alizaliwa Virginia tarehe 2 Machi 1793. Baba yake alipofariki, mama alihamia Tennessee pamoja na watoto. Mwaka 1809 kijana Houston alitoroka nyumbani, akaenda kuishi kwa Wacherokee, wenyeji wa nchi ile. Chifu Oolooteka alimfanya mwanawe, akampa jina Colonneh, yaani Kunguru. Huko alijifunza lugha na desturi zao.

Mwaka 1814 alijeruhiwa vibaya katika mapigano ya Horseshoe Bend, chini ya jenerali Andrew Jackson. Mwaka 1817 serikali ilimpa kazi chungu: kuwahimiza Wacherokee waache ardhi yao wahamie Arkansas. Oolooteka alihama na watu wake.

Houston akawa mbunge mwaka 1823, kisha gavana wa Tennessee mwaka 1827. Ndoa yake ilipovunjika mwaka 1829, alijiuzulu na kurudi kwa baba yake wa kupanga. Wacherokee wakampa uraia wao.

Texas ilipoasi Mexico, Houston aliongoza jeshi. Februari 1836 alitia sahihi mkataba na chifu Duwali, uliowaahidi Wacherokee wa Texas ardhi yao. Tarehe 21 Aprili, huko San Jacinto, alilishinda jeshi la Santa Anna kwa dakika 18 hivi, na mwaka huohuo akachaguliwa rais wa Texas. Lakini Seneti ya Texas iliukataa mkataba mwaka 1837. Rais aliyemfuata, Mirabeau Lamar, alituma jeshi kuwafukuza Wacherokee, na Duwali akauawa Julai 1839.

Houston mwenyewe alimiliki watumwa. Hata hivyo mwaka 1861, akiwa gavana wa Texas, alikataa kuapa utii kwa majimbo yaliyojitenga, akaondolewa madarakani. Alifariki tarehe 26 Julai 1863.

Lugha ilimfanya Houston aaminiwe. Lakini ahadi aliyowapa Wacherokee ilivunjwa katika baraza ambamo wao hawakuwa na kiti, na huko ujuzi wake wa lugha yao haukuwasaidia kitu.