JAMES MARSH, ALIYEIFICHUA SUMU

Huku kwetu Rangwe mtu akifa ghafla, hata kabla ya mazishi utasikia watu matangani wakinong'ona eti fulani kamtilia sumu. Ushahidi je? Hakuna. Ni maneno tu, lakini maneno hayo huweza kubomoa boma zima. Ndiyo sababu ningependa umjue Bwana James Marsh.

Marsh alizaliwa Uingereza mwaka wa 1794, akawa mwanakemia katika ghala la silaha la Woolwich, karibu na London. Mwanzoni mwa miaka ya 1830, mzee George Bodle wa Plumstead alifariki baada ya kunywa kahawa. Mjukuu wake, John, akashtakiwa. Marsh akapewa kahawa ile aipime. Alipitisha ndani yake gesi inayonuka kama mayai viza, ukatokea unga wa manjano, dalili ya aseniki. Lakini wapi! Siku ya kesi unga ulikuwa umeharibika, na waamuzi hawakuridhika. John akaachiliwa. Baadaye alikiri kwamba ndiye aliyeua.

Jambo hilo lilimkera Marsh. Mwaka wa 1836 alitangaza njia mpya. Kitu kinachoshukiwa hutiwa pamoja na zinki na asidi. Ikiwa mna aseniki, hutoka gesi iitwayo asini. Gesi hiyo ikiwashwa mbele ya kigae baridi, hubaki doa jeusi linalong'aa kama kioo, nalo haliharibiki upesi. Hata sehemu moja ya hamsini ya miligramu ilionekana! Tahadhari: asini ni sumu kali, usithubutu kuijaribu maabarani.

Hapo ndipo hesabu zetu za moli huingia. Aseniki ni 75 na oksijeni ni 16, basi ile sumu nyeupe, As₂O₃, ni 198, na 150 kati ya hizo ni aseniki. Doa likiwa na miligramu 3, sumu ilikuwa 3 × 198 ÷ 150, yaani miligramu 3.96. Hapo hakuna cha eti.

Marsh alifariki mwaka wa 1846, akaiacha familia yake katika umaskini. Lakini kazi yake ilifungua njia. Leo hata Kisumu kuna maabara ya Mkemia wa Serikali.

Basi wewe unayeuliza moli zina faida gani, jibu ndilo hilo. Usilolijua ni usiku wa giza: pima kwanza, ndipo useme.