Areta IV: Mfalme wa jangwani aliyeingia vitani na mkwewe baada ya bintiye kusalitiwa

Ilionekana kama safari ya kawaida tu. Mke anamwomba mumewe ruhusa ya kwenda Machaerus, ngome iliyokuwa mashariki mwa Bahari ya Chumvi, karibu na mpaka wa nchi ya baba yake. Mume anakubali, hana wasiwasi wowote. Hajui kuwa mwenzake ameshapata habari zote: kuna mwanamke mwingine, na talaka iko njiani.

Alipofika ngomeni, wasafirishaji walikuwa tayari. Makamanda wa baba yake wakampokea, wakapokezana mmoja baada ya mwingine kuvuka jangwa, hadi akafika nyumbani salama.

Baba huyo alikuwa Areta IV, mfalme wa Wanabatea. Mume alikuwa Herode Antipa, mtawala wa Galilaya na Perea, yule yule aliyeamuru Yohana Mbatizaji akatwe kichwa.

Alianza na kesi Roma

Areta hakuupata ufalme kirahisi. Awali alikuwa akiitwa Aeneas, na alijitwalia kiti mwaka 9 KK baada ya kifo cha Mfalme Obodas. Tatizo ni kwamba hakuomba kibali cha Kaisari Augusto, na mkubwa huyo wa Roma akakasirika.

Wakati huo huo Syllaeus, waziri mwenye nguvu wa Obodas, alikuwa Roma akiutaka ufalme huo huo. Augusto aliwahi hata kufikiria kuikabidhi nchi hiyo kwa Herode Mkuu, baba yake Antipa. Lakini Herode alikuwa mzee na nyumba yake imejaa ugomvi, hivyo Areta akathibitishwa. Syllaeus aliishia kuuawa Roma.

Utajiri wa ubani

Makao yake yalikuwa Petra, mji uliochongwa kwenye miamba, kusini mwa Jordan ya leo. Wanabatea walipata pesa kutokana na misafara ya ngamia iliyobeba ubani na manemane kutoka kusini mwa Arabia kuelekea bandari ya Gaza. Walijua pia siri ya kuishi jangwani: kukinga maji ya mvua, kuyapitisha kwenye mifereji na kuyahifadhi kwenye matangi ya mawe.

Areta alitawala karibu miaka 50, na chini yake ufalme ulifika kileleni. Watafiti wengi wanalihusisha na enzi yake jengo maarufu la Khazneh, lenye urefu wa karibu mita 40, ambalo watalii hupiga nalo picha kila siku. Huko Hegra, Saudi Arabia ya leo, makaburi mengi ya miambani yameandikwa mwaka wa utawala wake.

Kwenye sarafu alijitambulisha kama mfalme anayewapenda watu wake. Na hakuwa peke yake humo. Wake zake nao walionekana: kwanza Huldu, baadaye Shaqilat, ambaye sura yake ilichorwa sambamba na ya mumewe.

Ndoa iliyoleta vita

Ndoa ya binti yake na Antipa iliziunganisha nyumba mbili jirani, na ilidumu muda mrefu. Mambo yaliharibika Antipa alipokuwa safarini kwenda Roma. Alifikia kwa ndugu yake wa baba mmoja, akampenda mke wa mwenyeji wake, Herodia, na wakakubaliana waoane. Sharti lilikuwa moja: binti wa Areta aondoke.

Basi, uadui ukaanzia hapo. Ukaongezeka na mgogoro wa mpaka, na mnamo mwaka 36 BK majeshi yakakutana. Jeshi la Antipa lilisambaratishwa. Baadhi ya Wayahudi walisema hiyo ni adhabu ya Mungu kwa damu ya Yohana.

Antipa akakimbilia kwa Kaisari Tiberio, ambaye aliamuru Vitellius, gavana wa Siria, amlete Areta akiwa hai kwenye minyororo, au kichwa chake. Vitellius akatoka na majeshi mawili ya Kirumi kuelekea Petra.

Hayakufika. Machi mwaka 37 Tiberio alifariki, na habari zilipomfikia Vitellius akiwa Yerusalemu, alirudisha askari wake. Inasimuliwa kuwa waaguzi walishamhakikishia Areta kwamba jeshi hilo halitaikanyaga Petra.

Nani alicheka mwisho?

Mwaka 39 Antipa alivuliwa madaraka na Kaisari Kaligula na kufukuzwa hadi Gaul, Ufaransa ya leo. Herodia akaenda naye uhamishoni. Areta alifariki mnamo mwaka 40 akiwa bado mfalme, na mwanawe Malichus II akarithi kiti. Wanabatea waliendelea na ufalme wao hadi mwaka 106, Roma ilipouchukua.

Wasomaji wa Biblia humkuta Areta katika Wakorintho wa Pili, pale Paulo anapoeleza alivyoteremshwa ukutani ndani ya kapu ili kumkwepa liwali wa mfalme huyo mjini Dameski.

Na binti? Watafiti wengi humwita Phasaelis. Lakini Josephus, mwanahistoria aliyekiandika kisa chake, hakumtaja hata jina. Alisema tu kwamba alifika kwa baba yake na kumweleza yote.