Bwana Mackay na Barabara ya Mpwapwa

Kabla sijawasimulia habari za bwana huyu, sina budi kuungama kosa langu. Muhula uliopita mwenzetu mmoja bwenini alishikwa na homa kali. Mimi, niliyekuwa nikiongoza sala za Wakristo, nilisimama kando ya kitanda chake, nikaomba kwa maneno mengi, kisha nikaenda zangu kujisomea. Kijana mwingine, Mwislamu, ndiye aliyemchotea maji, akamfulia shuka, akakesha naye hata alfajiri. Niliona haya sana. Siku zizo hizo nilikuwa nikisoma maisha ya Alexander Mackay.

Mackay alizaliwa mwaka 1849 huko Rhynie, katika nchi ya Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji, lakini kijana alipenda mitambo, akajifunza uhandisi Edinburgh, kisha akafanya kazi Berlin. Mwaka 1876 wamisionari wa CMS walimtuma Uganda.

Alipokuwa njiani aliugua, akarudishwa pwani. Mwingine angalipanda meli arudi kwao. Yeye, mwaka 1877, alishika shoka, na pamoja na watu aliowaajiri akafyeka pori toka Saadani hata Mpwapwa, katika mkoa wetu huu wa Dodoma. Barabara hiyo ilikuwa ya maili 230 hivi, ili magari ya ng'ombe yapate kupita.

Alifika Uganda mwaka 1878, wakati wa Mfalme Mutesa. Huko alifua vyuma, akawafundisha vijana kazi za mikono, akapiga chapa karatasi za kusomea. Mama yake Mutesa alipofariki mwaka 1882, Mackay ndiye aliyesimamia kazi ya kutengeneza jeneza.

Naye alikuwa na upungufu wake. Alibishana sana juu ya dini na mapadre wa Kifaransa mbele ya mfalme, na mabishano yale hayakumjenga mtu. Mutesa akafa mwaka 1884, akatawala mwanawe Mwanga. Mwaka 1885 baadhi ya vijana wa Mackay waliuawa, na mwaka 1886 Wakristo wengi wakachomwa moto huko Namugongo. Moto ule haukuchagua. Uliwateketeza Waanglikana na Wakatoliki pamoja. Mackay hakukimbia. Alikaa na waliosalia, akaendelea kupiga chapa.

Mwaka 1887 alifukuzwa, akahamia Usambiro, kusini ya Ziwa Viktoria. Huko nako aliendelea na kazi hata homa ilipomwua tarehe 8 Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 40. Kwa miaka kumi na minne hakurudi kwao hata mara moja.

Mimi sisemi kwamba sala haina maana. Mackay mwenyewe alikuwa mtu wa sala. Lakini nimeona kuwa upendo wake ulijulikana kwa mikono yenye malengelenge kuliko kwa hoja alizoshinda barazani.

Basi nilimwendea yule kijana Mwislamu, nikamwomba radhi, ingawa si yeye niliyemkosea. Alicheka tu, akanipa ndoo. Tangu siku hiyo, mwenzetu akiugua, nachota maji kwanza, kisha naomba.