Jaji Nyalali: Aliyeisoma Katiba kwa jicho la Mkataba wa Afrika

JINA la Jaji Francis Nyalali huambatana zaidi na tume iliyofungua njia ya vyama vingi nchini Tanzania. Wachache hukumbuka kwamba mwaka 1991, mwaka uleule tume hiyo ilipoundwa, aliandika hukumu iliyobadili namna mahakama zetu zinavyoitazama mikataba ya kimataifa.

Nyalali alizaliwa mwaka 1935. Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Jaji Mkuu mwaka 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika pamoja na Mahakama yake ya Rufani. Tanzania ikaunda Mahakama ya Rufani yake mwaka 1979, naye akaiongoza.

Katiba ya wakati huo haikuwa na sura ya haki za binadamu ambayo raia angeweza kuidai mahakamani. Haki hizo ziliingizwa kwa Marekebisho ya Tano, lakini utekelezaji wake mahakamani ukasimamishwa hadi mwaka 1988. Milango ilipofunguliwa, mashauri yakaanza kumiminika.

Moja lilimhusu Daudi Pete, aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu na kunyimwa dhamana chini ya kifungu cha 148(5)(e) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliona kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mkurugenzi wa Mashtaka akakata rufaa.

Kwa utaratibu wa Tanzania, mkataba wa kimataifa hauwi sheria ya nchi hadi Bunge liutungie sheria. Nyalali hakuupuuza utaratibu huo; alipita njia nyingine. Alitazama kalenda. Tanzania ilitia saini Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu mwaka 1982, ikauridhia Februari 1984. Mwaka mmoja baadaye haki zikaanza kuwamo katika Katiba. Kwa hoja yake, nchi iliyokwisha kujifunga kwa Mkataba haiwezi kudhaniwa kuwa ilipoandika haki hizo iliusahau. Hivyo ni lazima Mkataba uzingatiwe katika kuzitafsiri.

Hoja ni nyepesi kuieleza, lakini uzito wake ni mkubwa, kwani haikumlazimu jaji yeyote kuvuka mipaka ya Bunge.

Ikumbukwe kuwa hakukubaliana na Mwalusanya katika kila jambo. Kwa maoni yake, kumnyima mtu dhamana si lazima kuwe ni kumtendea kama mhalifu aliyekwisha kuhukumiwa. Hata hivyo, alikiona kifungu kile kuwa kipana mno, kikiwanasa hata wasiolengwa, tena bila kuweka utaratibu wa haki wa kumnyima mtu uhuru wake. Kikafutwa.

Mwaka uliofuata tume yake ilipendekeza vyama vingi, ingawa wengi waliotoa maoni walitaka chama kimoja, na ikaorodhesha sheria 40 zilizohitaji kutazamwa upya. Alistaafu mwaka 2000 na kufariki dunia mwaka 2003.

Ugomvi wa dhamana haukuzikwa naye. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 148(5), Mahakama ya Rufani ikakirejesha. Suala hilo likafikishwa Arusha, mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, chini ya Mkataba uleule.